Miss, Madame, Frau: kumwandikia mwanamke wa Ulaya ukiwa Kigoma

Mwanamke aliyeshuka kwenye boti ufukweni Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake mzazi, ni Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Wakati huo aliandikwa Miss Goodall. Mwaka 1964 aliolewa na Hugo van Lawick, mpiga picha wa Kiholanzi mwenye cheo cha baron, na kuanzia hapo akawa Baroness Jane van Lawick-Goodall. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya udaktari, akawa Dr. Mwaka 1975 aliolewa na Derek Bryceson, mbunge na mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanzania. Mtu wa desturi ya zamani ya Kiingereza angemwandikia Mrs Bryceson. Mwaka 2004 alivikwa nishani katika Jumba la Buckingham, akawa Dame Jane.

Bahasha tano kwa mtu mmoja. Waume zake kuoa hakukuwabadilishia chochote: van Lawick alikuwa baron kabla ya ndoa na akabaki baron, Bryceson alikuwa Mr na akabaki Mr. Ukielewa kwa nini bahasha za mke zilibadilika na za waume zikabaki vilevile, umeelewa chanzo cha karibu kila kosa tunalofanya tukimwandikia mwanamke wa Ulaya.

Kiswahili nacho kina maswali yake. Tukisema Mama Neema, tumeuliza habari za uzazi. Tukisema bibi, shangazi, dada au binti, tumeuliza umri na ukoo. Bi. kwenye barua ni heshima tupu, haisemi kama mwenye jina ana mume. Lugha za Ulaya kwa muda mrefu ziliuliza swali moja tu: ameolewa au hajaolewa? Mwanamume hakuulizwa, Mr, Monsieur, Herr na Señor havibadiliki kwa harusi. Katika miaka hamsini na kitu iliyopita lugha hizo zimekuwa zikiliondoa swali hilo, kila moja kwa njia yake na kwa mwendo wake. Kwa hiyo kamusi nyingi zilizoko kwenye makabati ya shule zetu zimepitwa, na mtu anayezifuata neno kwa neno anaweza kumkera anayemwandikia bila kujua.

Hapa Kigoma jambo hili si la vitabuni. Wanaoongoza wageni Gombe na Mahale, makarani wa mapokezi hotelini, watu wa mashirika ya misaada Kasulu na Kibondo, wanaopeleka barua kwenye balozi ndogo za Burundi na Kongo, wanafunzi wanaoomba ufadhili, na vijana wa steshenari za Mwanga wanaochapa barua za watu kutwa nzima, wote wanakutana nalo.

Tuanze na Kiingereza

Mrs, Miss na Ms ni watoto wa neno moja, *mistress*. Lilitoka Kifaransa cha kale, *maistresse*, ambalo ni umbo la kike la *maistre*, nalo chimbuko lake ni *magister* la Kilatini: mkuu, mwalimu. Katika karne ya 17 na sehemu kubwa ya karne ya 18 Mrs halikuwa na habari ya ndoa. Mwanamke mzima mwenye nyumba, duka au watumishi aliandikwa Mrs hata kama hakuwahi kuolewa. Miss lilikuwa la mtoto wa kike. Baadaye ndipo yakagawanywa kwa ndoa, na *mistress* lenyewe likaporomoka hadi likawa na maana ya hawara. Kwa hiyo bosi wako wa kike usimwite *my mistress* kwenye barua. Kisarufi sentensi itakuwa safi, lakini maana yake itakuwa balaa.

Ms lilipendekezwa kwenye gazeti la mji wa Springfield, Massachusetts, mwezi Novemba 1901, kwa sababu inayoeleweka kabisa: mwandishi alitaka neno la kutumia pale asipojua kama mwanamke ameolewa. Halikushika mpaka miaka ya 1970, na gazeti la New York Times lilikubali kulitumia mwaka 1986 tu. Leo ndilo la kuanzia kwa kila mwanamke mtu mzima. Litamke *miz*, kwa z inayosikika, kwa sababu ukisema *mis* umerudi kwenye Miss. Mrs hutamkwa *misiz*. Waingereza hawaweki nukta baada ya Ms na Mrs, Wamarekani huweka. Miss halipati nukta popote, kwa kuwa si kifupisho.

Baada ya Ms hufuata jina la ukoo, si jina la kwanza. Mtu anayeitwa Helen Walker ni *Dear Ms Walker*. *Dear Ms Helen* ni kosa tunalolifanya sana, na sababu yake ni yetu wenyewe: kwetu heshima hufuatana na jina la mtu, Bi. Asha, Mwalimu Rose. Hali ni hiyohiyo kwa *madam*. Shuleni na maofisini Tanzania, Madam Rose ni heshima kamili. Kwa Mwingereza, *madam* husimama peke yake au hubeba cheo cha ofisi: Betty Boothroyd alipochaguliwa mwaka 1992 kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Uingereza na kuulizwa aitweje, alijibu aitwe Madam, na Madam Speaker ndilo lililotumika. *Dear Madam* bila jina huandikwa kwa usiyemjua, na barua hiyo hufungwa kwa *Yours faithfully*. Ukiwa umemtaja, *Dear Ms Walker*, unafunga kwa *Yours sincerely*. Anayechanganya hayo mawili Mwingereza wa makamo humwona mara moja.

Kanuni inayoyazidi yote: angalia alivyojiandika mwenyewe chini ya barua yake. Akijiandika Mrs, mrudishie Mrs. Wako wanaolipenda, na kumbadilishia ni kumfundisha jina lake.

Dame ni jambo la pekee. Huambatana na jina la kwanza, kama Sir kwa wanaume, kwa hiyo ni Dame Jane au Dame Jane Goodall. Dame Goodall si sahihi. Mke wa mwenye Sir huitwa Lady pamoja na jina la ukoo la mume, lakini mume wa Dame hapati kitu. Na Lady likija kabla ya jina la kwanza, kama Lady Diana kabla hajaolewa na Charles, mrithi wa kiti cha ufalme, linaonyesha kwamba baba yake ni mtu wa daraja la juu, mathalani earl. Baba akiwa chini ya hapo halipatikani kwa njia hiyo.

Kuna la hospitalini pia. Uingereza daktari bingwa wa upasuaji huacha Dr na kurudi kwa Mr, Miss, Ms au Mrs. Desturi hiyo ilibaki tangu wapasuaji walipokuwa chama kimoja na vinyozi, wakijifunza kazi kwa mikono bila shahada ya chuo kikuu. Ukipokea barua kutoka hospitali ya Uingereza iliyotiwa saini na Miss Fulani, usidhani ni mwanafunzi au karani. Huenda ndiye aliye juu ya wote kwenye kile chumba cha upasuaji.

Kifaransa, lugha ya jirani

Kwa Kigoma Kifaransa kina uzito kuliko lugha nyingine ya Ulaya baada ya Kiingereza, kwa sababu ukivuka ziwa au mpaka wa Manyovu ndicho kinachoandikwa ofisini. *Madame* ni *ma dame*, kutoka *mea domina* ya Kilatini: bibi wangu, mwenye nyumba, maana *domus* ni nyumba. *Mademoiselle* ni hilohilo katika umbo la udogo.

Vifupisho huwakosesha wengi. Monsieur ni M. yenye nukta. Madame ni Mme bila nukta, Mademoiselle ni Mlle bila nukta, na wanawake wengi ni Mmes. *Mr* ni Kiingereza; ukiliweka kwenye barua ya Kifaransa inaonekana umenakili mahali.

Ufaransa ilifuta Mademoiselle kwenye fomu za serikali kwa waraka wa Waziri Mkuu François Fillon wa tarehe 21 Februari 2012. Kikundi kilichoupinga kilishindwa mbele ya Baraza la Serikali (Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala) tarehe 26 Desemba mwaka huohuo. Waraka uliondoa pia maneno *nom de jeune fille*, jina la usichana, na *nom d'épouse*, jina la ndoa. Sasa fomu huuliza *nom de famille*, jina la ukoo la kuzaliwa, na *nom d'usage*, jina ambalo mtu anatumia. Hapa kuna jambo ambalo hata Wafaransa wengi hushangaa wakiambiwa: kwa sheria ya mwaka 1794 hakuna raia anayeruhusiwa kubeba jina tofauti na la cheti chake cha kuzaliwa. Mke Mfaransa anayeitwa kwa jina la mume analitumia tu. Kisheria jina lake ni lile la kuzaliwa, kama Mwanakigoma yeyote.

Burundi na Kongo hazifuati waraka wa Paris, na Mademoiselle bado utalisikia huko. Ushauri wangu ni kuandika Madame kwa kila mwanamke mtu mzima mpaka mwenyewe ajitambulishe vingine. Msichana akiitwa Madame huona ameheshimiwa, ilhali mama wa watu akiitwa Mademoiselle ofisini huona amechezewa.

Namna ya kuanza barua rasmi ni neno *Madame* peke yake, halafu koma. Jina la ukoo linabaki kwenye bahasha. *Chère Madame Dupont* huonekana kama barua ya muuza duka kwa mteja. Kama ana cheo, kitaje: *Madame la Directrice*. Kisha, na hapa ndipo barua nyingi huharibika, sentensi ya kufungia lazima irudie maneno yaleyale uliyoanza nayo: *Veuillez agréer, Madame la Directrice, mes salutations distinguées*. Ukianza na *Madame la Directrice* ukamaliza na *Madame* tupu, umemvua cheo mwishoni mwa barua.

Vyeo vyenyewe vimepiganiwa sana. Zamani *Madame l'ambassadrice* alikuwa mke wa balozi na *la générale* mke wa jenerali, kwa hiyo mwanamke aliyepata ubalozi kwa kazi yake alibaki na jina la kiume. Chuo cha lugha cha Ufaransa, Académie française, kilikubali majina ya kazi ya kike Februari 2019, baada ya kupinga kwa miongo kadhaa. Lakini bungeni mambo yalikuwa yameshachemka: Oktoba 2014 mbunge Julien Aubert alimwita mwanamke aliyekuwa akiongoza kikao *Madame le président*, kwa kiambishi cha kiume, akarudia baada ya kuonywa, na akakatwa robo ya posho yake ya mwezi. Italia iko kinyume kabisa. Giorgia Meloni, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu huko tangu Oktoba 2022, mwenyewe alichagua *il presidente*, la kiume. Kanuni ya kuangalia saini ya mwenyewe inaanza kuonyesha thamani yake hapa: Paris neno la kiume ni tusi, Roma ndilo alilolitaka mwenye kiti.

Kijerumani

*Frau* zamani lilikuwa la bibi wa ukoo bora, na mwanamke wa kawaida alikuwa *Weib*. Baada ya karne kadhaa Frau likashuka likawa la kila mtu, Weib likashuka zaidi likawa la dharau, na nafasi ya juu ikachukuliwa na *Dame* kutoka Ufaransa. *Fräulein* ni Frau lililofanywa dogo, na kwa sarufi yao kila neno lenye mkia huo wa udogo si la kike wala la kiume. Liko kwenye ngeli ya vitu visivyo na jinsia. Msichana ambaye hajaolewa kisarufi aliwekwa kapu moja na meza ndogo. Serikali ya Ujerumani Magharibi ililiondoa Fräulein maofisini mwaka 1972. Usiliandike kabisa, hata kwa binti wa miaka kumi na minane anayejitolea shuleni kwenu. Ni Frau.

Barua huanza *Sehr geehrte Frau Müller*, halafu koma, na mstari unaofuata unaanza kwa herufi ndogo. Kwenye bahasha mwanamume anaongezwa n, *Herrn Peter Müller*, ila Frau haibadiliki. Akiwa na udaktari, *Frau Dr. Müller*, zamani jina hilo lilipewa pia mke wa daktari, leo ni la aliyesoma mwenyewe. Majina ya kazi hupata *-in*: Lehrerin, mwalimu wa kike, Ärztin, daktari wa kike, ambapo A ya mwanzo hubadilika pia kuwa Ä. Angela Merkel alipoingia madarakani mwaka 2005, *Bundeskanzlerin* likatangazwa kuwa neno la mwaka, kwa sababu kabla yake cheo hicho hakikuwahi kuhitaji umbo la kike.

Katika mashine ya pasipoti Müller huandikwa MUELLER. Karani asiyejua hilo husema majina hayafanani na stakabadhi ya malipo ya hifadhi, na mgeni anakawia gatini bure.

Ny tatu

Kiitaliano *signora*, Kihispania *señora*, Kireno *senhora*. Gn, ñ na nh ni sauti moja, ny ya nyumba. Chimbuko ni moja pia: *senior* la Kilatini, aliye mkubwa kwa umri. Mswahili anayesikia kwamba Wazungu hao humwita kila mwanamke "mzee" anapaswa kujisikia nyumbani. *Signorina* na *señorita* ya wasioolewa yamerudi nyuma, na kwenye barua rasmi hayafai.

Jina gani lifuate? Kihispania mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba kwanza, la mama mwisho. María García López ni *Sra. García*. Ukiandika Sra. López umemwita kwa jina la mama yake. Kireno ni kinyume, la baba huja mwisho: Maria Silva Santos ni Santos. Na *doña* ya Kihispania na *dona* ya Kireno, zote kutoka *domina*, hufuatwa na jina la kwanza, kama Bi. yetu: doña María, Senhora Dona Maria. Muitaliano mwenye shahada yoyote ya chuo kikuu ni *dottoressa*, hata kama hajawahi kushika sindano. Usimpeleke kuona wagonjwa.

Majina ya ukoo yanayobadilika

Pale mapokezi hotelini kuna tatizo ambalo halimo kwenye vitabu vya adabu. Wageni wawili wanaomba chumba kimoja, wanasema ni mke na mume, na pasipoti zina majina tofauti. Mara nyingi hakuna udanganyifu wowote.

Wacheki huongeza *-ová*: mume Novák, mke na binti Nováková. Tangu tarehe 1 Januari 2022 mwanamke wa huko anaweza kuchagua kuliacha. Wapoland wenye *-ski* hugeuza kuwa *-ska*: Kowalski na Kowalska. Warusi huongeza a: Ivanov na Ivanova. Wagiriki hulipeleka jina kwenye hali ya umilikaji, Papadopoulos akawa baba na Papadopoulou binti, yaani wa Papadopoulos. Na tangu sheria ya mwaka 1983 mke wa Kigiriki hubaki na jina la kwao. Wahungari walifika mbali kuliko wote: mke wa Kovács János aliandikwa Kovács Jánosné, mke wa Kovács János, na jina lake mwenyewe likatoweka lote, la kwanza na la ukoo. Waingereza nao waliwahi kuandika Mrs John Smith, lakini kwa Wahungari jambo hilo liliingia hadi kwenye hati.

Walithuania ndio wenye mfumo unaosema mengi zaidi. Baba ni Kazlauskas, mkewe Kazlauskienė, binti asiyeolewa Kazlauskaitė. Ukisikia jina la ukoo tu, umeshajua hali ya ndoa. Dalia Grybauskaitė aliongoza nchi hiyo kuanzia 2009 hadi 2019, na mkia wa jina lake ulimwambia kila mpiga kura kwamba hajaolewa. Tangu 2003 sheria inaruhusu mkia mfupi, *-ė*, usiosema lolote kuhusu ndoa.

Waholanzi huunganisha: la mume kwanza, kistari, la kuzaliwa nyuma. Rudi juu ukasome tena: van Lawick-Goodall. Jina lililokuwa kwenye vitabu vya kwanza vya Gombe lilipangwa kwa utaratibu wa Kiholanzi, na ndiyo maana Goodall iko mwisho. Kwa Waholanzi neno ni *mevrouw*, na *van* au *de* huanza kwa herufi kubwa pale tu jina la kwanza au herufi yake inapokosekana: *mevrouw A. de Vries*, lakini *mevrouw De Vries*.

Iceland hawana jina la ukoo kama hilo. Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa rais mwaka 1980, ni Vigdís binti Finnbogi, sawasawa na wazee wa Ujiji walivyoandika fulani binti fulani. Finnbogadóttir si jina la kumwitia, ni maelezo ya baba yake. Hata rais huitwa kwa jina la kwanza, na orodha yao ya simu ilipangwa kwa majina ya kwanza. Mtu wa Ujiji ataelewa hili kwa haraka kuliko Mwingereza yeyote.

Wasiotaka jina la heshima

Wasweden waliacha *fru* na *fröken* kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na kuacha kumwita mtu kwa cheo chake. Bror Rexed, mkuu wa idara ya tiba, aliwaambia wafanyakazi wake mwaka 1967 kwamba atawaita wote *du*, "wewe", na jina la kwanza, nao wamwite hivyohivyo. Barua pepe kwa mkurugenzi wa Kisweden inaweza kuanza *Hej Anna* bila ukosefu wa adabu. Kwa aliyelelewa kwa shikamoo ni vigumu kuiandika, lakini ukimlundikia vyeo yeye ndiye atakayeona ajabu. Wafini nao hutumia majina ya kwanza, na wana kitu ambacho sisi tunacho: *hän* ni yeye, wa kike au wa kiume. Mwenzetu anayechanganya *he* na *she* katika Kiingereza anafanya kosa lilelile la Mfini, kwa sababu ileile.

Kabla hujachagua neno lolote hakikisha kwanza kwamba unamwandikia mwanamke. Andrea ni mwanamume Italia, mwanamke Ujerumani. Simone ni mwanamume Italia, mwanamke Ufaransa. Nicola ni mwanamume Italia, mwanamke Uingereza. Jean ni mwanamume Ufaransa, mwanamke Uingereza. Kari ni mwanamume Finland, mwanamke Norway. Camille na Dominique ni wa pande zote. Usipojua, andika jina zima bila neno la heshima: *Dear Andrea Rossi*. Ni bora kuliko kubahatisha.

Kazi nazo zina mitego yake. Hapa kwetu muuguzi yeyote wa kike ni sista, hata asipokuwa mtawa. Uingereza *sister* ni muuguzi mkuu wa wodi. Ujerumani *Krankenschwester*, dada wa wagonjwa, ndilo lililozoeleka, lakini tangu 2020 cheo kipya cha kazi ni *Pflegefachfrau*. Mwaka huohuo *Hebamme*, mkunga, likawekwa kuwa la wanawake na wanaume pia, kama *sage-femme* la Kifaransa ambalo mwanamume mkunga huitwa nalo.

Kutoka kwetu kwenda kwao

Bi. kwa Kiingereza ni Ms, kwa Kifaransa Mme, kwa Kijerumani Frau. Usilifanye Mrs kwa kuwa tu unamjua mume wake. Mama Neema hatafsiriwi kuwa Mrs Neema, maana msomaji ataelewa kwamba Neema ni jina la mumewe; tafuta jina lake la kwenye kitambulisho uandike hilo. Vivyo hivyo usimwandikie mgeni *Dear Mama*. Akiwa hapa, uso kwa uso, mwite mama bila wasiwasi, yuko kwetu na anaisikia sauti yako. Kwenye karatasi sauti haipo, na mwanamke wa miaka thelathini na tano atasoma kwamba umemzeesha.

Mheshimiwa halina mwenzake. Kwa mbunge wa kike tumia Hon. katika Kiingereza, kama Bunge lenyewe linavyofanya, na katika Kifaransa *Madame la Députée*.

Halafu fomu za viza na za vyuo. Mtanzania mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, aandike kwenye nafasi ya jina la ukoo lile lililo kwenye mstari huo wa pasipoti, herufi kwa herufi. Pale wanapouliza jina la usichana au la kuzaliwa, aliyeolewa bila kubadili jina asiandike "hakuna" wala asiache wazi. Mwenye kupokea fomu atadhani limesahaulika na atairudisha. Aandike jina lilelile mara ya pili. Na kisanduku cha Ms kikiwepo, atie tiki hapo, awe ana mume au hana.